Bolti, Nati na Springi: Chuma Kinachofuliwa Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

Chuma hupewa umbo kwa njia tatu kuu. Ya kwanza ni kukiyeyusha na kukimimina kwenye kalibu. Ya pili ni kukikata, yaani kukereza, kutoboa na kusaga mpaka kibaki kile kinachotakiwa. Ya tatu ni kukisukuma kiende mahali kinapotakiwa bila kukipunguza: kwa nyundo, kwa mashine ya kukandamiza, kwa kukipitisha kati ya magurudumu ya chuma au kwa kukikunja. Bolti ya gurudumu, ribiti, jani la springi, rimu na taruma la reli vyote hutokana na njia hii ya tatu, na uimara wake unategemea sana kwamba vilitengenezwa hivyo.

Sababu imo ndani ya chuma chenyewe. Fimbo inayotoka kiwandani imekwisha kuviringishwa na kurefushwa, na chembe zake zimelala kufuata urefu wake kama nyuzi za ubao. Fundi akiikereza fimbo nene ili apate bolti, anazikatiza nyuzi hizo pale kichwa kinapokutana na shina. Mashine ikikigonga kichwa kutoka kwenye waya, nyuzi hupinda na kuzunguka kona bila kukatika. Kwa macho bolti hizo mbili zinafanana. Tofauti hujitokeza zinapobeba mzigo unaokuja na kuondoka mara maelfu, kama unavyofanya chini ya lori linalopanda kutoka Moshi mjini, kwenye mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenda Marangu kwenye mita zaidi ya 1,300, kisha kurudi na shehena ya ndizi.

Kufua chuma ni kazi ya zamani sana katika mlima huu. Wachagga walikuwa na koo za wahunzi, na eneo la Mamba, jirani na Marangu, limebaki na jina la uhunzi hadi leo. Chuma chenyewe kilitoka zaidi Upare. Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika utafiti wake juu ya historia ya Wapare, alionyesha kwamba Ugweno ulikuwa na ukoo wa Washana walioshika ufundi wa chuma na pamoja nao utawala, mpaka Wasuya walipowapindua. Chuma cha Upare kilipanda mlimani kwa njia ya biashara, na wahunzi wa Uchagga wakakigeuza kuwa majembe, visu, mishale na mikuki, mingine ikiuzwa kwa Wamasai. Harry Johnston, Mwingereza aliyekaa Moshi mwaka 1884 kwa mtawala wake Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, aliandika juu ya ustadi wa wahunzi hao na uchache wa zana zao.

Zana zenyewe zilikuwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi, kewa ya udongo inayopeleka upepo kwenye makaa, koleo, nyundo na fuawe la jiwe au chuma. Chuma cha tanuri za kienyeji hakikuyeyuka kabisa. Kilitoka kikiwa bonge lenye matundu na takataka, na nyundo ndiyo iliyozitoa takataka hizo na kukikaza. Kwa hiyo mhunzi hakuwa anatoa umbo tu. Kila pigo kwenye chuma chekundu lilikuwa pia linasafisha na kushikamanisha, na jembe lililofuliwa vibaya lilipasuka kwa sababu uchafu ulibaki katikati. Wahunzi hao walitengeneza pia mikufu myembamba ya chuma, na mkufu hauwezekani bila waya. Kuvuta waya ni kuupitisha katika tundu dogo kuliko unene wake, kisha katika tundu dogo zaidi, mpaka uwe mwembamba na mgumu. Msingi huohuo ndio unaotoa waya wa bolti viwandani sasa.

Mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig aliyeishi Uchagga kwa miaka mingi kuanzia 1902, alichapisha mwaka 1912 makala nzima juu ya mhunzi na nafasi yake katika imani za Wachagga. Nyundo haikuwa kifaa cha kazi peke yake, kwani laana iliyotolewa kwa nyundo ilihofiwa na mwizi na mdanganyifu. Ni rahisi kuona kwa nini jamii ya wakulima na wafugaji ilimpa cheo hicho mtu mwenye kuufanya moto utoe jembe na mkuki.

Mwaka 1911 reli kutoka Tanga ilifika Moshi, baada ya ujenzi ulioanza 1893 na kukwama mara kadhaa njiani. Ilileta mlimani, kwa mara ya kwanza kwa wingi, chuma kilichofinywa kiwandani na vifungio vinavyofanana kimoja na kingine. Mataruma ya reli za Wajerumani yalikuwa ya chuma: bati nene lililokandamizwa likiwa moto mpaka likawa na umbo la hori lililopinduliwa, ncha zake zikiinamia chini ili lishike kokoto. Mchwa hawawezi kulila, na hilo lilitosha kulipa gharama yake katika nyanda za chini kati ya Korogwe na Kahe. Vipande vya reli vikaunganishwa kwa bamba mbili za pembeni na bolti nne au zaidi. Bolti moja ikipotea, nyingine ya namna hiyohiyo iliweza kuingia mahali pake, iwe imetolewa Tanga au Moshi. Hilo leo linaonekana jambo la kawaida, lakini lilikuwa geni hata Ulaya miaka mia moja kabla yake.

Kipande cha reli chakavu kina matumizi mengine ambayo waliokitengeneza hawakuyafikiria. Karibu kila karakana kutoka Pasua hadi Himo inacho kimoja kikitumika kama fuawe. Kichwa cha reli kimeviringishwa kikiwa moto, kisha kikapondwa na magurudumu ya treni kwa miaka, hivyo uso wake ni mgumu kuliko chuma chochote ambacho fundi angekinunua kwa bei hiyo.

Bolti na nati, hata hivyo, ndizo zilizobadilisha kazi ya fundi kuliko kitu kingine. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 19, kila karakana ilikata thredi zake yenyewe, na nati ya karakana moja haikuingia kwenye bolti ya karakana nyingine. Henry Maudslay wa London, karibu na mwaka 1800, aliunda mashine ya kukereza iliyoweza kukata thredi zilezile kila mara. Joseph Whitworth, aliyewahi kufanya kazi kwake, alikusanya sampuli kutoka karakana nyingi za Uingereza na mwaka 1841 akapendekeza kipimo kimoja, chenye pembe ya nyuzi 55. William Sellers wa Philadelphia alipendekeza chake mwaka 1864, chenye pembe ya nyuzi 60 na ncha bapa, kwa hoja kwamba fundi wa kawaida angeweza kukitengeneza kwa urahisi zaidi. Tofauti hiyo ilidumu. Bolti ya nusu inchi ya Uingereza ilikuwa na thredi 12 katika kila inchi, ya Marekani 13. Nati ya moja huingia kwenye nyingine mizunguko michache, kisha hukwama. Vita Kuu ya Pili ilionyesha hasara yake, na mwaka 1948 Marekani, Kanada na Uingereza zikakubaliana juu ya kipimo cha pamoja.

Moshi iliyapokea mabadiliko haya yote kupitia magari. Land Rover za mwanzo zilikuja na vipimo vya Kiingereza, zilizofuata zikaja na vipimo vya pamoja vya inchi, na Toyota, Isuzu na Fuso zikaleta milimita. Hapo ndipo spana zilipobaki kuitwa kwa namba. Bolti yenye unene wa milimita 8 hufunguliwa kwa spana namba 13 kwenye gari la Ulaya, lakini kwenye Toyota mara nyingi ni namba 12. Ya milimita 10 ni namba 17 huko na 14 huku, na ya milimita 12 ni 19 huko na 17 huku. Fundi akiomba “namba kumi na saba” anataja upana wa kichwa, na msaidizi wake lazima ajue ni gari gani liko mbele yao kabla hajaenda dukani kununua bolti.

Bolti ya kisasa huanza kama koili ya waya. Mashine huukata kipande, hukishika kwenye kalibu ya chuma kigumu, kisha hukigonga kwenye ncha mara mbili, tatu au zaidi mpaka ncha ivimbe na kuwa kichwa cha pembe sita. Hakuna moto. Waya hufuliwa baridi, na mashine moja inaweza kutoa zaidi ya bolti mia moja kwa dakika. Thredi nazo hazikatwi. Shina hubanwa kati ya bamba mbili zenye mistari ya mshazari, bamba moja husogea, shina huviringika, na chuma kinachosukumwa kutoka kwenye mabonde hupanda juu na kuwa vilele. Ndiyo maana shina linaloingia kwenye mashine ni jembamba kuliko bolti inayotoka. Kwa bolti ya milimita 12 linakuwa na unene wa milimita 10.8 hivi.

Faida yake ni kubwa kuliko kuokoa chuma. Thredi ya kwanza inayoingia ndani ya nati hubeba karibu theluthi moja ya mzigo wote, na ufa wa uchovu huanza chini kwenye bonde lake. Bonde lililokatwa kwa dai, yaani kifaa cha kukatia thredi, lina mikwaruzo midogo ambayo ufa huipenda. Lililoviringishwa ni laini, na chuma chake kimebaki kimebanwa, hivyo ufa hupata taabu kufunguka. Mtu anaweza kuzitofautisha bila kifaa chochote. Bolti safi ikielekezwa juani, kilele cha thredi iliyoviringishwa huonyesha mfereji mwembamba sana katikati, pale pande mbili za chuma kilichopanda zilipokutana. Thredi iliyokatwa haina mfereji huo, na kingo zake hukwaruza kidole.

Alama kwenye kichwa hueleza yaliyobaki. Bolti yenye 8.8 huvumilia mvuto wa takriban megapaskali 800 kabla ya kukatika, na huanza kurefuka isirudi inapofikia asilimia 80 ya mvuto huo. Kwa milimita 12, mvuto wa kukatika ni karibu tani 6.9 kwa bolti moja. Yenye 10.9 ina nguvu zaidi. Isiyo na alama yoyote ni ya kufungia geti au meza, na kuiweka kwenye ekseli ni kuhatarisha maisha ya abiria wote. Hili halina mjadala, ingawa bei yake dukani humshawishi mwenye gari kila siku.

Skrubu ndogo nazo zilifaidika na ufuaji baridi. Peter Robertson wa Kanada alibuni mwaka 1908 skrubu yenye tundu la mraba kichwani, na ubunifu wake hasa ulikuwa namna ya kulipiga tundu hilo bila kukidhoofisha kichwa, kwa kulifanya lipungue upana kidogo kuelekea chini. Skrubu ya nyota ya Henry Phillips ilipata hataza mwaka 1936 na ikaingia haraka kwenye viwanda vya magari vya Marekani, kwa kuwa bisibisi hujiweka katikati yenyewe.

Kwenye gari lenyewe, kifungio kinachobeba dhamana kubwa kuliko vyote ni stadi ya gurudumu. Hufuliwa baridi, hupashwa moto na kuzimwa kwenye mafuta, kisha hukazwa ndani ya habu kwa meno yake. Malori mengi ya zamani ya Uingereza, Bedford yakiwemo, na mengi ya Kijapani, yana stadi za upande wa kushoto zenye thredi za kinyume, ili mzunguko wa gurudumu usizilegeze nati. Mara nyingi ncha ya stadi huwa na herufi L. Msaidizi mgeni asiyeiona huingiza bomba kwenye mkono wa spana, hukanyaga kwa uzito wake wote akidhani anafungua, na stadi hurefuka kupita mpaka wake. Huenda isikatike hapo. Hukatika wiki kadhaa baadaye, kwenye kona za kushukia kutoka Rombo, na zile zilizobaki huzidiwa moja baada ya nyingine.

Springi ya majani ndiyo kazi ya ufuaji iliyo wazi zaidi kwa macho. Obadiah Elliott wa London alipata hataza ya springi za majani kwa mikokoteni ya farasi mwaka 1804, na umbo lake halijabadilika sana: bamba kadhaa zilizopindwa, refu juu na fupi chini, zimeshikwa katikati kwa senta bolti na kufungwa kwenye ekseli kwa yubolti. Jani huanza kama bamba la chuma chenye kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6, pamoja na silikoni, manganizi au kromiamu. Ncha za jani kuu huchomwa na kuzungushwa kwenye pini ili kupata macho ya kuingizia bushi. Kisha bamba lote hupashwa moto mpaka kama nyuzi 850 za sentigredi, hupindwa, huzimwa kwenye mafuta, na kupashwa tena taratibu karibu nyuzi 450 au 500 ili ugumu upungue na unyumbufu urudi. Hatua ya mwisho ni kulimiminia risasi ndogo za chuma kwa kasi upande unaovutwa. Mbinu hiyo ilifanyiwa utafiti wa kina na John Almen wa General Motors katika miaka ya 1930 na 1940. Vishimo vidogo vinavyobaki huubana uso wa jani, na huzuia ufa kama mabonde ya thredi iliyoviringishwa yanavyouzuia.

Mtu akiyajua hayo, ataelewa kwa nini springi iliyochomelewa haidumu. Moto wa kuchomelea hufuta kazi yote iliyofanywa na tanuri: kando ya mshono chuma huwa kigumu na chenye kuvunjika kama kigae, na mbele yake kidogo kinalainika. Jani hukatika sentimita chache kutoka pale lilipounganishwa. Jani zima nalo hukatika zaidi kwenye tundu la senta bolti, kwa kuwa hapo upana umepungua na mkunjo ni mkubwa, hasa yubolti zikilegea na kuliacha jani licheze. Kwa hiyo yubolti mpya zinahitaji kukazwa tena baada ya safari za mwanzo, majani yakishakaliana.

Wenye Hiace na Canter zinazopanda Kibosho, Uru na Old Moshi hupenda kuongeza jani ili gari lisiiname. Unene wa jani una nguvu kubwa katika hesabu hii, kwani jani lenye unene maradufu huwa gumu mara nane. Jani moja nene lililotolewa kwenye lori kubwa laweza kubeba karibu mzigo wote peke yake na kuyaacha mengine yakisindikiza, na mtikisiko uliokuwa unamezwa na springi sasa hupelekwa kwenye chesisi. Tena, fungu la majani likinenepa, yubolti za awali huwa fupi, na nati hushika nusu tu ya thredi zake. Afadhali majani mawili membamba ya aina ileile na yubolti ndefu zaidi.

Yubolti hizo ndefu mara nyingi hutengenezwa hapohapo mjini. Fundi hukata fimbo, huweka thredi kwenye ncha zote mbili kwa dai, hupasha moto sehemu ya katikati peke yake mpaka iwe nyekundu, kisha huikunja kuzunguka pini nene iliyochomelewa kwenye meza. Akiwa na fimbo ya chuma kinachofaa, na akaiacha ipoe yenyewe hewani bila kuimwagia maji, kazi hiyo ni nzuri. Tatizo huja anapotumia fimbo laini ya ujenzi, ambayo haina kaboni ya kutosha na hurefuka kidogo kila mzigo unapopita, hata ikazwe mara ngapi.

Mkoa umewahi kujaribu kupanda ngazi ya juu zaidi. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ililea karakana ndogo Moshi kama ilivyofanya katika mikoa mingine. Huko Hai, kwenye barabara ya Machame, kilijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Bulgaria kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, kilicho chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, kwa ajili ya kutengeneza mashine za karakana. Chuo cha ufundi stadi cha VETA Moshi kinaendelea kufundisha ukerezaji, uchomeleaji na ufundi magari. Uzito wa juhudi hizi umelala zaidi kwenye kukata na kumimina, na hapo ndipo pengo lilipo. Mashine ndogo ya kuviringishia thredi, nyundo ya umeme na tanuri lenye kipimajoto vingeipa karakana ya Moshi yubolti na stadi za kuaminika kuliko mashine nyingine ya kukereza.

Springi iliyokufa haitupwi. Huko Mamba na katika karakana nyingi za mkoa, jani la lori ndilo chuma bora cha panga, kisu cha kukatia migomba, patasi na jembe. Mhunzi hulikata likiwa jekundu kwa tindo, hulitandaza kuanzia katikati kwenda kwenye makali, na huligeuza kila baada ya mapigo machache ili lisipinde upande mmoja. Makali yakishapatikana, huyapasha hadi wekundu wa cheri na kuyazima, kwenye mafuta kama yapo. Kisha huusugua uso mpaka ung’ae, hulirudisha karibu na makaa na kutazama rangi zikipita: manjano ya majani makavu karibu nyuzi 230, halafu hudhurungi, zambarau, na buluu karibu nyuzi 300. Patasi husimamishwa kwenye manjano iliyoiva. Panga, ambalo litagonga mawe shambani, huachwa lifike buluu.

Si kila chuma chakavu kinafaa kazi hiyo. Nondo na bamba za bodi ya gari hazipati ugumu hata zikizimwa kwenye maji baridi, kwa kuwa kaboni yake ni ndogo. Springi za koili hutoa tindo na panchi nzuri baada ya kunyooshwa. Shafti za magurudumu hutoa nyundo. Rimu, ambayo ni ukanda uliokunjwa mviringo, ukachomelewa na kupewa mabega kwa kuviringishwa, hukatwa kuwa majiko, au hutundikwa nzima kwenye mti wa shule na kugongwa kwa bolti ya zamani.